Ala ya Kwanza ya Mwanafunzi: Beni, Tarumbeta na Maneno Yake katika Kiswahili



Mhadhara huu unahusu swali dogo ambalo mwalimu wa muziki hukutana nalo kila shule zinapofunguliwa: mtoto anayeingia katika bendi kwa mara ya kwanza apewe ala gani? Yamkini wako watakaostaajabu kuona mtu wa isimu akilishika swali la mwalimu wa bendi. Sababu ni kwamba swali hili limejibiwa pwani hii, na baadaye bara, kwa karne kadhaa, na kila waliolijibu walituachia maneno. Maneno hayo ndiyo malighafi yangu. Nitadai kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mwanafunzi hakuchagua ala, alipewa. Alipewa kwa kufuata cheo chake, au pengo lililokuwamo katika kundi, au shehena iliyoteremshwa melini. Msamiati tulio nao umekulia katika desturi hiyo ya kupewa, na mwalimu wa leo anayetaka kuamua kwa kuitazama midomo ya mtoto, meno yake, mikono yake na pumzi zake, anaona kwamba msamiati huo humwacha njiani.

Tuanze na kitenzi. Mswahili hupiga ngoma, hupiga udi, hupiga kinanda, hupiga zumari na hupiga tarumbeta, kama apigavyo pasi, simu na mswaki. Kitenzi piga hakitwambii kama mtu anatumia kiganja, ncha za vidole au midomo. Vipo vitenzi vinavyobagua: puliza, vuvia, charaza, dunda. Lakini ukimkuta kijana amebeba mfuko wa ala begani utamuuliza, "Unapiga nini?", naye atakujibu kwa jina la kitu. Sisemi kwamba Kiswahili ni cha pekee katika jambo hili. Kiingereza na Kifaransa nazo zina kitenzi kimoja kwa ala karibu zote, na katika lugha hizo kitenzi hicho ni kile kile cha mchezo wa watoto. Sisi mchezo tumemwachia anayeitikia ala kwa miguu: mmoja hupiga, mwingine hucheza. Ugawaji huu una maana katika habari za beni, kama tutakavyoona, kwa kuwa katika beni mpigaji na mchezaji walivaa sare moja.

Ala zenye wenyewe

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitoka msikitini huku ngoma, mabaragumu na mazumari yakitangulia mbele yake. Watu wa msafara wa Vasco da Gama, walipotia nanga Malindi mwaka 1498, waliandika habari za pembe mbili za ndovu zilizochongwa, zenye urefu wa kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji yeyote wa Kiswahili atatambua kuwa hizo ni jamaa ya siwa. Siwa ya Pate, ambayo ni ya pembe, na siwa ya Lamu, ambayo ni ya shaba, zimehifadhiwa hadi leo huko Kenya. Anayezitazama kwa jicho la mwalimu wa bendi atashangazwa na jambo moja: kupuliza kwa ubavuni, kwa chombo kirefu na kizito kiasi hicho, ni kazi ngumu kuliko kupuliza tarumbeta la kisasa, na bado historia haitusimulii juhudi za kumtafuta mwenye midomo inayofaa. Kilichotafutwa ni mwenye haki. Siwa ililia katika harusi na tohara za watu wa daraja fulani, na kuipata kulihitaji idhini. Haikuwa ala ya mtoto kujaribia.

Jamaa nyingine ya siwa ni mbiu, pembe ya mnyama iliyopulizwa ili watu wakusanyike. Neno hili lina safari ya kupendeza. Leo kijana wa mjini akisikia "kupiga mbiu" anafahamu kutangaza, na wengi hawajui kwamba mbiu ilipata kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ala imekwisha, ujumbe wake umebaki. Baragumu nalo limo njiani kuelekea huko huko. Wafasiri wa Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 walikuwa bado na baragumu, panda na tarumbeta, wakayatumia yote matatu. Mwanafunzi wa leo akiyasoma huyaona kama majina matatu ya kitu kimoja.

Zumari ni habari tofauti, kwa sababu hapo ndipo tunapokutana na ufundi unaomlazimu mwalimu kuangalia mwili. Mpiga zumari hakati sauti. Hujaza hewa mashavuni, na wakati mashavu yanaisukuma hewa hiyo nje, pua inavuta nyingine. Hilo si jambo la kufundishwa kwa maelezo. Mwanafunzi alikaa na fundi, akamtazama, akaiga, na asiyeweza aliachia njiani. Katika kundi la ngoma aghalabu mwanzo ulikuwa mwepesi zaidi: mgeni alipewa chapuo au upatu, yaani kazi ya kushikilia pigo lisilobadilika, na ngoma kubwa iliachiwa aliyekwisha kujua kusemezana na wachezaji. Huu ni utaratibu wenye busara, nami nitaurudia mbele, maana umetumika pia mbali sana na pwani yetu.

Beni

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na kuizuru Uingereza mwaka 1875, alikuwa na bendi ya ala za Kizungu, na wapigaji wa bendi ya masultani wa Zanzibar walifahamika kuwa Wagoa. Kwa nini Wagoa? Katika Goa ya Wareno, tangu karne ya 16, shule za parokia ziliwafundisha watoto kusoma noti kwa kuimba, kisha fidla. Mtoto hakuulizwa anataka nini: kwanza sauti yake, halafu fidla, na aliyefika hapo angeweza kupewa ala yoyote kwa kuwa noti tayari anazo. Ndiyo maana wanamuziki wa Kigoa walienea katika bendi za Bara Hindi na Afrika Mashariki. Kati ya mifumo yote nitakayoitaja leo, huo ndio ulioanza na kichwa cha mwanafunzi kabla ya mkono wake.

Wenyeji wa miji ya pwani waliozisikia bendi hizo, za sultani, za manowari na za askari, walianzisha zao. Ndizo beni, zilizoshamiri Lamu, Mombasa na Tanga tangu mwishoni mwa karne ya 19. Neno lenyewe ni la Kiingereza, na limeingia Kiswahili mara mbili: kwanza kama beni, likiwa na maana ya chama cha ngoma chenye sare, vyeo na gwaride, baadaye kama bendi, likiwa na maana ya kundi la muziki. Lugha haikopi mara mbili bila sababu. Kopo la pili linaonyesha kwamba la kwanza lilikwisha kuwa kitu cha Waswahili wenyewe, na Waingereza wasingekitambua kuwa ni chao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alilijenga hoja hili vizuri: beni ilirithi ushindani wa zamani wa mitaa na vyama vya ngoma, ikauvika koti la kijeshi. Mombasa walikuwako Kingi na Scotchi. Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti, ambao baada ya Vita vya 1914 hadi 1918 walienezwa bara na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao.

Katika beni kulikuwa na wafalme, majenerali na madaktari wa kujipa vyeo. Ala nazo ziliingia katika ngazi hiyo. Palipokuwa na fedha na bandari karibu palikuwa na matarumbeta halisi. Palipokosekana fedha palibaki ngoma kubwa, filimbi na tarumbeta la jeshi lisilo na vitufe. Hilo la mwisho linastahili kuelezwa. Tarumbeta lisilo na vitufe hutoa tu zile sauti ambazo bomba lenyewe lina tabia ya kuzitoa, na milio ya kambini hutumia tano hivi. Mwanafunzi anayeanzia hapo hana la kufanya na vidole. Hujifunza midomo na pumzi peke yake. Askari wengi waliopiga tarumbeta hilo kambini walikuwa, bila kujua, wamepewa ala nzuri ya kuanzia.

Shule nazo hazikuachwa nyuma. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ile ile iliyochapa gazeti la Kiongozi, ilikuwa na bendi ya wanafunzi iliyopiga katika sherehe za serikali. Kwa hiyo kijana wa Tanga wa miaka hiyo angeweza kujifunza tarumbeta mahali pawili: shuleni, kwa amri ya mwalimu, au mtaani, kwa kuandikishwa katika chama. Kote kuwili ala haikuwa mali yake.

Pembezoni mwa Ziwa Nyasa jambo lilichukua sura nyingine ambayo mimi huithamini kuliko zote. Watu wa huko, katika ngoma za malipenga na mganda, walitengeneza matarumbeta ya vibuyu. Kibuyu hutobolewa tundu, tundu huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na mpigaji huimba ndani yake. Utando hutetemeka na sauti ya mtu hutoka imegeuka kuwa mlio wa bendi. Vibuyu vya ukubwa mbalimbali vikikusanywa pamoja, bendi nzima imekamilika. Angalia kilichotendeka hapo. Ugumu wote wa midomo umeondolewa. Mtu yeyote awezaye kuimba anaweza kuingia, na badala ya mwanafunzi kutafutiwa ala inayomfaa, ala imekatwa shambani kwa kipimo cha sauti aliyo nayo. Wako waandishi waliolitazama jambo hili kama uigaji wa maskini. Kwa mwalimu wa bendi ni ufumbuzi.

Matarumbeta mawili, neno moja

Nimefika penye kiini cha mhadhara. Neno tarumbeta, ambalo Mreno na Mwingereza wote wanaweza kulidai, limekuwa katika Kiswahili jina la ukoo mzima wa ala za shaba zenye mdomo wa kikombe. Watu wa Dar es Salaam wakisema harusi ilikuwa na matarumbeta wana maana ya kundi lote lililopanda gari la wazi likazunguka mitaani: ala ndogo, kubwa, ya mtelezo, na pengine saksafoni, ambayo kwa utaratibu wa mafundi si ya ukoo huo kabisa. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa umaskini wa lugha. Mimi siafiki, na nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza inatoka Ujerumani. Huko kundi la kanisani la ala za shaba huitwa Posaunenchor, yaani kwa tafsiri ya neno kwa neno kwaya ya matromboni, ilhali ndani yake kuna matarumbeta, mapembe na ala za besi. Wajerumani, ambao hakuna anayewashtaki kwa umaskini wa istilahi, nao walitwaa jina la ala moja wakaupa ukoo.

Sababu ya pili inatoka Uingereza na ni ya kiufundi zaidi. Katika bendi za shaba za Kiingereza, ambazo Jeshi la Wokovu lilizifanya kuwa uti wa mgongo wa ibada zake, ala karibu zote huandikiwa noti kwa ufunguo mmoja, na noti ile ile ikionekana kwenye karatasi hupigwa kwa vitufe vile vile, iwe ala ni ndogo kama korneti au kubwa kama tuba. Tromboni ya besi ndiyo inayobaki nje ya utaratibu huo. Faida yake kwa mwanafunzi ni kubwa. Aliyeanza na korneti na kuona midomo yake haitulii katika kikombe kidogo anaweza kuhamishiwa yufoniamu Jumamosi na kusoma wimbo ule ule Jumapili. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo matarumbeta yote ni tarumbeta moja lenye maumbo mengi. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933. Sithubutu kusema kwamba ndilo lililoifunza lugha yetu jina hili la jumla. Nasema kwamba jina hilo lilikuta utaratibu unaolingana nalo.

Sasa tuje kwenye tatizo. Kabla ya Jeshi la Wokovu walikwisha kufika wamisionari wa Kijerumani: Wamoravia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, watu wa Bethel Usambara mwaka huo huo, na watu wa Leipzig Kilimanjaro mwaka 1893. Urithi wao wa ala za shaba umo katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963, na katika Kanisa la Moravian. Utaratibu wa noti wa Posaunenchor uliimarishwa na mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia mwaka 1856 hadi 1941 na kufanya kazi Bethel, karibu na Bielefeld. Kuhlo alitaka wapigaji wasome moja kwa moja kutoka katika kitabu cha nyimbo cha sauti nne, kile kile kilicho mbele ya mpiga kinanda na waimbaji. Hivyo mpigaji wa Kijerumani husoma noti kama inavyosikika kwenye kinanda, na mpigaji wa Kiingereza husoma noti iliyohamishwa ili vidole visibadilike.

Tutazame matokeo kwa mfano mmoja. Chukueni noti ya C iliyo katika nafasi ya tatu ya ile mistari mitano, na tarumbeta la kawaida la B iliyoshushwa. Mwanafunzi wa utaratibu wa Kiingereza akiiona noti hiyo hagusi kitufe chochote. Mwanafunzi wa utaratibu wa Kuhlo akiiona noti hiyo hiyo, katika ala hiyo hiyo, hubonyeza kitufe cha kwanza. Isitoshe, hata herufi zinagombana: B ya Mjerumani ndiyo B iliyoshushwa ya Mwingereza, na B ya Mwingereza, Mjerumani huiita H. Kijana aliyelelewa katika matarumbeta ya kanisa la Kilutheri mkoani Kilimanjaro, akihamia kwa watu waliofunzwa Kiingereza, atawekewa karatasi mbele yake na kila atakachopiga kitakuwa kando. Kiongozi atamwambia kwamba hajui kusoma noti. Anajua, amejifunza lugha nyingine ya maandishi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotuponza. Taratibu zote mbili huitwa kupiga tarumbeta kwa noti. Hatuna neno lililozoeleka linalomwezesha mwalimu wa Moshi kumwandikia mwalimu wa Nairobi kwamba kijana huyu anasoma kwa sauti ya kinanda, wala hasomi kwa sauti iliyohamishwa. Hayo niliyoyatumia sasa hivi ni maneno ya kawaida kabisa na yanafahamika. Hayahitaji kikao, yanahitaji kutumiwa. Ziada ya hayo ni kwamba wanakwaya wetu wengi wamelelewa kwa do-re-mi ya kuhama, ambamo do huanza popote wimbo unapoanzia, na kwao mzozo wa C na B hauna maana hata kidogo. Mwalimu mwenye wanafunzi wa namna tatu hizi darasani anahitaji subira kuliko ala.

Kwa hiyo, kumchagulia mtoto ala ya shaba ni kumchagulia pia jamii ya wasomaji atakaopiga nao. Katika bendi yenye asili ya Kijerumani, akihamishwa kutoka tarumbeta kwenda tuba, itambidi ajifunze ufunguo wa F upya, maana ala za chini huandikwa hapo. Katika bendi yenye asili ya Kiingereza hatasumbuka. Mzazi anayenunua ala katika mnada wa vitu vilivyotumika hana habari hizo, na muuzaji hamwambii.

Kinanda na ganuni

Upande wa nyuzi nitaupitia kwa haraka. Neno kinanda limebadilisha makao mara nyingi. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, analieleza kuwa ala yoyote ya nyuzi, kisha anaongeza kwamba sasa limekuwa jina la ogani, piano na hata gramafoni. Santuri nayo ilikuwa ala ya nyuzi kabla ya kuwa sahani ya kupigia nyimbo. Katika upande huu basi majina hayakai na umbo la ala. Hukaa na kazi yake, ambayo ni kuleta muziki nyumbani.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wakongwe wa taarab, Barghash alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim kujifunza ganuni. Mwaka 1905 vijana wa Zanzibar waliunda Ikhwani Safaa, nao wakaagiza ala kutoka Misri. Hapa napo ala ilitangulia, mpigaji akatafutwa baadaye. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 za kuwianishwa kabla wimbo haujaanza, na mtoto wa miaka tisa anayekabidhiwa hiyo hutumia mwaka wake wa kwanza akiwa fundi wa kukaza nyuzi. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichofungua milango yake Mji Mkongwe mwaka 2002 kilikuwa na jambo jipya kwa kizazi chake: kijana aliweza kuingia akakuta udi, ganuni, fidla na ngoma mahali pamoja, na mwalimu wa kila kimoja. Ni nadra katika historia yetu kwa mwanafunzi kuziona ala kabla ya kupewa moja.

Mwili wa mtoto

Vitabu vya zamani vya walimu wa bendi wa Ulaya na Marekani vilikuwa na kanuni moja iliyorudiwa bila kuchunguzwa: midomo myembamba ipewe kikombe kidogo, minene ipewe kikubwa. Mtu yeyote anaona kanuni hiyo ingewapeleka wapi watoto wa Afrika na wa asili ya Afrika. Wote wangekuwa wapiga besi. Jibu lake ni Louis Armstrong, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901. Mwaka 1913 alipelekwa katika nyumba ya kuwarekebisha watoto, na mwalimu wa bendi wa huko, Peter Davis, hakumpima midomo. Alimpa tari kwanza, kisha ngoma, kisha pembe ya sauti ya kati, kisha tarumbeta lisilo na vitufe, na mwisho korneti. Tazameni mpango huo: pigo lisilobadilika, halafu pumzi, halafu midomo bila vidole, halafu vyote. Ni chapuo na upatu wa kwetu, ukiongezewa tarumbeta la askari. Sina haja ya kusema korneti hiyo ilimfikisha wapi.

Midomo basi iachwe. Yako mambo mengine ya mwili ambayo ni ya kweli. Meno ya mbele yakiwa yanang'oka na kuota upya, kikombe cha tarumbeta kinamwumiza mtoto, na ni heri angoje. Klarineti ina matundu saba ya kuzibwa kwa nyama ya vidole yenyewe. Kidole chembamba kikiacha upenyo mdogo tu, ala inalia kama bata, na mtoto hudhani kosa ni la pumzi zake. Filimbi ya kupulizwa kwa pembeni, yenye urefu wa sentimita 67 hivi, humlazimu mtoto mfupi kupinda shingo, na sehemu kubwa ya pumzi zake hupita juu ya tundu bila kuingia. Kizunguzungu cha wiki za kwanza kinatokana na hilo, wala si ugonjwa. Fidla ina fadhila moja ambayo ala za shaba hazina: hutengenezwa kwa vipimo vya robo, nusu na robo tatu, ikakua pamoja na mwenyewe.

Mtaona kwamba nimelazimika kusema "filimbi ya kupulizwa kwa pembeni." Filimbi kwa Kiswahili ni ya refa, ya mchungaji, ya plastiki ya darasani, na hii ya chuma. Zile za kwanza hazimdai mtoto pumzi za kupotea, hii inamdai. Vivyo hivyo lile bomba la tromboni linalosogezwa mbele na nyuma, mimi huliita mtelezo, na kile kipande cha kuweka mdomoni wapigaji wenyewe wanacho jina lake: mdomo. Nasikia baadhi ya wenzangu wakitaka neno la fahari zaidi. Neno mdomo lina matatizo yake, kwa sababu mwalimu akisema "safisha mdomo" mtoto hukimbilia mswaki. Lakini limekwisha kushikwa na wanaoifanya kazi, na kamusi ingefanya vyema kuliandika hivyo lilivyo, maana ya pili chini ya ile ya kwanza.

Tromboni inahitaji aya yake. Mtelezo wake una vituo saba, na cha saba kiko mbali kuliko mkono wa watoto wengi wa darasa la tano. Mtoto mfupi akipewa tromboni, ambayo mara nyingi hupewa kwa kuwa ndiyo iliyobaki kabatini, atafika kituo cha tano na kuziruka zilizosalia, na baada ya mwaka mmoja sikio lake litakuwa limezoea kuzikosa. Huyo apewe yufoniamu akipatikana mtu wa kumbebea, kwa kuwa ina uzito wa kilo 4 na zaidi, au apewe korneti kwa miaka miwili. Ikiwa bendi inasoma kwa sauti iliyohamishwa, siku mkono utakapofika ataisoma tromboni kwa noti zile zile alizozijua. Ikiwa inasoma kwa sauti ya kinanda, mwalimu amwanzishie ufunguo wa F mapema, hata kabla ya ala yenyewe, kwa kumwimbisha sauti ya nne kutoka katika kitabu cha nyimbo.